RANGI SI ANASA KWA MTOTO WA MFANYAKAZI

Mtoto wa miaka mitano aingiapo darasa la awali kwa mara ya kwanza, hutiwa kitu gani mkononi? Katika shule zetu nyingi hupewa penseli nyembamba na daftari la mistari, akaambiwa aandike herufi "a" mpaka ukurasa ujae. Akiujaza, mzazi hufurahi. Asipoujaza, husemwa kuwa ni mzito wa kujifunza. Sisi twaona kwamba hapo ndipo ukuta wa elimu unapoanza kwenda upande, na fundi yeyote ajua kuwa tofali la chini likipinda, la juu halinyoki.

Leo twapenda kusema neno juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kuwekwa katika ukurasa huu, nalo ni kuwapa watoto wa madarasa ya awali pasteli za mafuta ili wachore. Twalisema kwa ajili ya Nshambya, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, na kwa ajili ya kila kata ya Bukoba na Muleba yenye watoto wa wafanyakazi na wakulima. Si neno la mapambo. Ni neno la haki ya mtoto, na la aina ya raia tutakaowapata miaka ishirini ijayo.

Yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe, maana si kila msomaji wetu amepata kukishika. Pasteli ya mafuta ni kijiti cha rangi, kifupi kuliko penseli na kinene kuliko penseli, kilichokandwa kwa unga wa rangi, nta na mafuta yasiyokauka. Penseli ya rangi ni ngumu na hutaka mkono ukandamize. Chaki hutoa vumbi. Rangi ya maji hutaka brashi, kikombe, na mtu wa kupangusa sakafu kikombe kikimwagika. Pasteli haitaki yote hayo. Mtoto akiigusisha karatasini tu, alama nene yenye kung'aa imekwisha onekana, hata kama mkono wake bado ni dhaifu.

Tena kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili ya matajiri. Mchoraji mmoja wa Kijapani, Kanae Yamamoto, alipokuwa akirudi kwao kutoka Ufaransa mwaka 1916, alipitia Moscow, akaona huko michoro ya watoto na kazi za mikono za wakulima. Aliporejea Japani alikuta watoto wa shule wakifundishwa kuchora kwa kunakili picha zilizochapwa vitabuni. Akalipinga jambo hilo kwa nguvu. Mwaka 1919, katika mkoa wa Nagano, yakafanywa maonyesho ya michoro ya watoto waliochora mambo waliyoyaona kwa macho yao wenyewe, na mwendo huo ukaenea katika shule nyingi. Yamamoto huyo huyo aliwahimiza wakulima wafanye kazi za sanaa ili wapate kipato wakati mashamba yamelala.

Mwendo mpya ulitaka kifaa kipya. Mwaka 1921 ilianzishwa huko Japani kampuni ya Sakura, kutengeneza kalamu za rangi za nta kwa watoto wa shule. Zile za kwanza hazikuridhisha, kwa kuwa rangi yake ilikuwa hafifu na haikuchanganyika. Basi mwaka 1924 wakaanza kutengeneza kijiti laini zaidi, kwa nta ya parafini, asidi ya steariki na mafuta ya nazi. Ndiyo, mafuta ya nazi, yale yale yanayokamuliwa katika Pwani yetu na Visiwani! Wachoraji wakubwa walikuja nyuma ya watoto. Ni mwaka 1949 ndipo Henri Sennelier wa Paris alipotengeneza pasteli za mafuta za hali ya juu kwa ajili ya Picasso na wenzake. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa tunamtwika mtoto wa Nshambya kitu cha mabwana. Kilikuwa cha mtoto wa shule kabla ya kuwa cha mabwana.

Wako wasemao kuwa kuchora ni kupoteza wakati, na kwamba mzazi hampeleki mtoto shule akacheze. Husema pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo herufi zianze mapema. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wengi huisahau nusu yake: samaki hukunjwa kwa taratibu, asije akavunjika. Mkono wa mtoto wa miaka minne haujakomaa. Kuulazimisha kushika penseli nyembamba na kufuata mstari mwembamba kwa saa nzima huuchosha, na kumfundisha mwenye mkono jambo moja tu, kwamba shule ni mahali pa kushindwa.

Watu waliochunguza michoro ya watoto, kama Georges-Henri Luquet wa Ufaransa katika miaka ya 1920, na Viktor Lowenfeld aliyetoa kitabu chake huko Marekani mwaka 1947, walionyesha kuwa kukua kwa mchoro kuna hatua zake. Mtoto wa miaka miwili hukwaruza. Karibu na miaka mitatu huweza kulifunga duara. Kisha duara hilo hupata macho, na miguu miwili hutokea chini ya kichwa, pasipo shingo wala tumbo. Huyo ni mama. Mtu mzima hucheka, lakini mtoto amefanya kazi kubwa: ameifanya alama imwakilishe mtu asiyekuwapo. Afikapo miaka mitano au sita huweka mstari wa ardhi chini ya karatasi, nyumba juu ya mstari, na jua juu ya nyumba.

Na herufi "a" ni nini, kama si duara lililoegemea kijiti? Mtoto aliyekwisha chora magurudumu, vichwa vya watu na punje za kahawa, amekwisha kulizoeza duara mkononi mwake. Mwalimu atakapomletea herufi, hatamletea mgeni. Anayeutaka mwandiko mzuri wa darasa la pili, basi na auandae kwa michoro ya darasa la awali.

Kuna na jambo la lugha, ambalo kwetu Kagera lina uzito wake. Watoto wengi wa Bukoba na Muleba husikia Kihaya nyumbani na kukutana na Kiswahili shuleni. Mtoto wa namna hiyo aweza kukaa kimya wiki nzima, mwalimu akadhani hana akili. Mpe karatasi na vijiti vitatu vya rangi, kisha muulize taratibu, "Hapa umechora nini, mwanangu?" Atajibu, maana sasa anacho cha kusema. Ataanza kwa neno la nyumbani, mwalimu atampa neno la Kiswahili, naye ataliweka neno hilo juu ya kitu alichokichora mwenyewe. Mwalimu akiliandika chini ya mchoro, mtoto ataona kwa macho yake kuwa maneno ya kinywa huweza kukaa karatasini. Hilo ni somo la kwanza la kusoma, na limepatikana bila kiboko.

Wako tena wasemao kuwa sanaa ya kuchora si desturi yetu. Hao hawaijui nchi yao. Huko Bwanjai, katika wilaya ya Missenyi, miamba ina michoro ya rangi nyekundu iliyoachwa na watu wa kale. Wazee wetu walipiga magome ya miti wakapata mbugu nyekundu ya kuvaa, na mikono ya mama zetu imesuka mikeka na vikapu vyenye nakshi isiyotoka katika kitabu chochote. Na ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, huko Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, na miongoni mwa waliopita hapo ni Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye picha zake zilijaa watu wakilima, wakijenga na wakivuna kwa pamoja. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyepelekwa London kuiwakilisha Tanganyika. Taifa changa halikumwona mchoraji kuwa mtu wa kupoteza wakati.

Tuje sasa katika jambo lenyewe linalotuuma. Mwenye fedha katika miji yetu humnunulia mtoto wake boksi la rangi bila kufikiri mara mbili, akampeleka katika shule ya kulipia yenye picha ukutani. Mtoto wa mpagazi wa sokoni, wa mvuvi, wa mchuma kahawa na wa mama auzaye ndizi barabarani hufika shuleni bila kuwahi kushika chochote chenye rangi. Wawili hawa wakikutana darasa la kwanza, mmoja mkono wake umekwisha funguka na mwingine bado umefungwa. Ndipo tunaposema kuwa huyu ana akili na yule hana. Huo ni uongo tunaojidanganya nao. Hatukuwapima akili, tulipima mifuko ya wazazi wao.

Sheria na mipango ya nchi haiungi mkono tofauti hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliitambua elimu ya awali kuwa haki ya mtoto kabla ya darasa la kwanza, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Tangu Januari 2016 elimu ya awali na ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila ada. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa mwaka 2016 uliziweka stadi za kisanaa miongoni mwa mambo ambayo mtoto apaswa kuyamudu, pamoja na kuwasiliana, kutunza afya na kuhesabu. Basi mwalimu atoaye nafasi ya kuchora hafanyi la ziada, bali anatimiza lililoagizwa. Lakini mtaala peke yake haupaki rangi karatasini. Mtu lazima alete vijiti.

Twajua ugumu ulioko. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na kila mtu ajua kuwa madarasa mengi ya nchi yetu yamekizidi mno kiwango hicho. Hata hivyo pasteli haishindwi na wingi wa watoto kama watu wadhanivyo. Boksi la vijiti 12 likivunjwa kila kijiti nusu hutoa vipande 24. Kuvunja huko si hasara, maana kipande kifupi humlazimisha mtoto akishike kwa ncha za vidole, na hivyo ndivyo penseli itakavyotaka kushikwa baadaye. Kundi moja lichore, jingine lipange mawe na kuhesabu, la tatu lisikilize hadithi, kisha wabadilishane. Kila kundi liwe na kopo lake, na mtoto mmoja awe mtunza kopo, ahesabu vipande kabla na baada ya kazi. Hapo watoto watajifunza hesabu na utunzaji wa mali ya umma kwa tendo moja.

Karatasi nayo isitutie hofu. Katika ofisi zetu, za umma na za watu binafsi, karatasi nyingi zilizochapwa upande mmoja hutupwa au kuchomwa moto. Wafanyakazi waombe ruhusa kwa wakuu wao, watenge zile zisizo na siri, wazipeleke shule ya awali iliyo jirani. Maboksi ya madukani yakikatwa hutoa vipande vigumu vya rangi ya kahawia, ambavyo pasteli huvipenda, kwa kuwa hata nyeupe na njano huonekana wazi juu yake. Mifuko ya saruji isitumiwe, maana vumbi lake hudhuru macho, ngozi na kifua cha mtoto.

Katika kununua, tuwe macho. Watoto wadogo hutia vitu kinywani, na baadhi ya rangi za viwandani zina madini yenye sumu, ikiwamo risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Zinunuliwe zile tu ambazo boksi lake limeandikwa wazi kuwa hazina sumu na zafaa kwa watoto, na mwenye duka asiyeweza kuonyesha maandishi hayo aachwe na bidhaa yake. Walio chini ya miaka mitatu wasiachiwe vipande vidogo, wasije wakapaliwa. Vijiti visiwekwe juani, kwa kuwa nta hulainika. Doa la nguoni lifutwe kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha lifuliwe kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi mafuta.

Kwa walimu wetu, ambao kazi yao twaiheshimu, tuna ombi moja kubwa. Msichore ndizi ubaoni mkawaambia watoto wote wachore kama hiyo. Mkifanya hivyo mtapata ndizi hamsini za mwalimu, na hamtapata hata moja ya mtoto. Hali kadhalika kujaza rangi ndani ya picha iliyochapwa hakutoshi kuitwa kuchora, kwani fikra yote imekwisha fanywa na aliyeichapa. Mtoto akimpaka ng'ombe rangi ya buluu, asikaripiwe. Aulizwe habari za ng'ombe huyo. Na michoro isipewe vyema na kosa kama hesabu, bali itundikwe ukutani kwa zamu, katika kimo cha macho ya mtoto, kila mmoja aone kazi yake na ya mwenziwe.

Mwanzo uwe mwepesi. Siku za kwanza zitoshe rangi mbili au tatu, mtoto azizoee kwa mistari mirefu na mifupi. Baadaye aonyeshwe kuwa njano ikipakwa kwanza na nyekundu juu yake, hutoka rangi ya machungwa. Na kuwa nyeusi ikifunika rangi nyingine, kijiti cha mti huweza kuikwaruza hadi rangi ya chini itokeze. Na kwetu Bukoba tunayo njia nyingine isiyohitaji duka. Mtoto achore kwa rangi nyeupe au njano, kisha apake juu ya karatasi nzima maji ya kahawa iliyochemshwa ikawa nzito. Kahawa itaipaka karatasi kahawia, lakini haitashika penye mafuta, na mchoro utang'aa katikati. Mtoto atauliza kwa nini maji yanayakimbia mafuta. Siku hiyo somo la sayansi litakuwa limejileta lenyewe, na kwa zao la baba yake.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, aliikataa elimu ya kumeza na kutapika. Alitaka shule imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine bila kuwa mtumwa wao, na anayejiamini. Wengi wetu husoma maneno hayo tukiwafikiria vijana wa sekondari. Sisi twasema yaanzie kwa mtoto wa miaka mitano. Mtoto aliyezoezwa kunakili ndizi ya mwalimu ndiye atakayekuja kuwa mfanyakazi asiyeweza kusema neno katika mkutano mpaka asikie mkubwa amesema nini. Aliyezoezwa kutazama mgomba wa nyumbani kwao, akaamua mwenyewe jani lianzie wapi, ataweza kesho kutazama hesabu za chama cha ushirika na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Twapendekeza basi mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kamati za shule za Nshambya ziweke pasteli za mafuta katika orodha ya mahitaji ya darasa la awali, kando ya chaki na madaftari. Pili, wafanyakazi na wanachama wachange kwa hiari, kila kazini kwa utaratibu wake, kwa kuwa bei ya boksi moja la kawaida ni ndogo kuliko matumizi ya wengi wetu kwa vinywaji vya jioni moja. Mchango huo uwe wa hiari kweli, na mtoto yeyote asirudishwe nyumbani wala kunyimwa kijiti kwa sababu mzazi wake hakutoa. Tatu, walimu wa awali wa shule za jirani wakutane, waonyeshane kazi za watoto wao na kufundishana. Nne, mwisho wa kila muhula michoro itundikwe mahali ambapo wazazi hupita, sokoni au katika ofisi ya kata, ili baba asiyejua kusoma naye aweze kusoma alichofanya mtoto wake.

Hatudai kila mtoto awe mchoraji. Hatukuwafundisha watoto kuhesabu ili wote wawe makarani wa benki. Tunadai kwamba mkono wa mtoto wa mchuma kahawa ufunguliwe mapema sawa na mkono wa mtoto wa mwenye duka. Shule hufunguliwa Januari. Tangu leo mpaka siku hiyo upo muda wa kuitisha kikao kimoja cha kamati, kupitisha mchango mmoja na kununua maboksi machache. Watoto watakaoingia darasa la awali Nshambya siku hiyo wasikute daftari la mistari peke yake.